Nyaya Tano za Dada Yangu

Mheshimiwa Mganga Mkuu wa hospitali hii, ambaye nimeambiwa anasubiriwa kwenye chumba cha upasuaji na kwa hiyo nitamhurumia, Ndugu Katibu wa Hospitali, Mheshimiwa Matroni, wakuu wa idara mlioketi kwenye viti vyenye vitambaa, ndugu wafanyakazi wa jikoni, wa dobi, wa machela na wa bustani mlioketi kwenye viti visivyo na vitambaa, ndugu wageni waalikwa, na ninyi ambao hamkualikwa ila pua zenu ziliwaleta, na wewe dada yangu mkubwa, fundi wa lifti, uliyekaa hapo mbele umevaa viatu ambavyo najua vinakubana: hamjambo nyote.

Mimi ndiye mdogo wake. Watoto wake wale watatu mnaowaona pale mwisho wananiita Mjomba, na nikigeuza mgongo wananiita Mjomba Kontena, kwa sababu ya kontena langu la mizigo ambalo liko njiani huu mwaka wa kumi na moja. Litafika. Shule niliiacha darasa la sita, wala si kwa kushindwa. Ni kwamba mimi na mwalimu wa hesabu tulifika mahali tukawa hatuna tena cha kufundishana. Tangu hapo mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, na geti kuu la hospitali hii, lile mlilopita mkiingia leo, nililichomelea mimi, peke yangu, kwa siku moja, huku mvua inanyesha.

Mmeona? Dada ameinua vidole vitatu. Maana yake tulikuwa watu watatu. Haya, tulikuwa watatu. Na mvua yenyewe ilikuwa manyunyu.

Hivyo vidole niwaeleze mapema, msije mkadhani anaagiza soda. Dada yangu aliponiomba nizungumze leo alinipa sharti. Alisema, "Simama uwaambie wenzangu jinsi akiba yangu ya miaka thelathini na minne ilivyotaka kupotea siku moja ya Ijumaa, na ilitaka kupotezwa na nani. Na ukizidisha hata ghorofa moja, nainua vidole." Sasa ndugu zangu, mtu kama mimi kuambiwa asizidishe ni sawa na kuambiwa apande ngazi kwa mguu mmoja. Lakini nitajaribu, na sababu ya kujaribu mtaijua kabla sijakaa.

Nianze na yeye. Wengi wenu mmemkuta hapa akiwa fundi mkuu, mwenye ovaroli ya bluu na ufunguo mrefu kiunoni, mkadhani alizaliwa hivyo. Hapana. Aliingia hapa msichana wa miaka ishirini na sita, kazi yake kukaa kwenye kigoda ndani ya lifti na kubonyeza namba. Watu wakiingia, anauliza, "Wapi?" Wanasema, "Ya nne." Anabonyeza nne. Ungekuwa wewe, ungefanya nini miaka mitatu kwenye kigoda? Mimi ningelala. Yeye alisikiliza. Alisikiliza mashine kule juu ya paa inavyonguruma ikibeba watu wawili, inavyonguruma ikibeba kumi, mpaka siku moja akamwambia fundi wa wakati ule, "Mzee, kuna kitu kinakwaruza tukipita ya tano." Fundi akamcheka. Wiki ile ile lifti ikagoma ya tano. Kuanzia hapo fundi akawa anapanda naye juu, anamshikisha spana, na baadaye yeye ndiye akawa na spana, fundi anamshikia tochi.

Mheshimiwa Mganga Mkuu, mikono yako tunaisifu, na ni haki yake kusifiwa. Lakini ni nani amewahi kuuliza mgonjwa amefikaje mezani kwako ghorofa ya sita akiwa bado anapumua? Ni mama gani kati ya hawa alikuja kujifungua akapanda kwa ngazi? Kuna mtu alikuwa kwenye paa, juani, na grisi mpaka kwenye viwiko, akihakikisha kwamba mtu akibonyeza sita, inakuwa sita. Na alama ya kazi yake nzuri ni kwamba hakuna aliyemkumbuka. Lifti ikipanda, nani anamtaja fundi? Tunamtaja ikikwama.

Sasa nije kwenye pesa, maana naona wale wanaokaribia kustaafu mmeinua vichwa.

Mtu akibakiza miaka miwili kustaafu, ndugu zangu, anapendwa. Hujui unavyopendwa mpaka watu wasikie unakaribia kulipwa kiinua mgongo. Dada yangu alipendwa na watu ambao hawakumsalimia tangu ndoa yake. Mwanawe wa kwanza, yule pale anayejifanya anafunga kamba ya kiatu, alimletea picha ya lori. Jirani alimletea ramani ya viwanja. Yakafika mahali dada akachukua kile kibao chake cha kazini, kile cha maandishi mekundu, LIFTI IKO KWENYE MATENGENEZO, USIPANDE, akakitundika mlangoni kwake siku za Jumapili. Watu wakawa wanasoma, wanasimama kidogo, wanarudi.

Mimi sikurudi. Kibao ni cha watu wasiojuana na mwenye nyumba.

Niliingia na habari kubwa kuliko lori. Mjini kulikuwa kumefunguliwa ofisi ya vioo vyeusi, na ndani yake Meneja mmoja kijana, viatu vinang'aa hadi unaweza kunyolea ndevu ukijitazama humo. Biashara ilikuwa ya mashine za kutengeneza barafu. Wewe unanunua mashine, mashine hutaiona, inafanya kazi huko iliko, na kila baada ya miezi sita pesa yako inakuwa mara mbili. Nilimweleza dada kwa saa nzima. Nilimwambia wateja walikuwa elfu nane. Nilimwambia nimemwona mtu kwa macho yangu akitoka pale na gunia la noti.

Ni kweli, dada, ilikuwa bahasha. Teremsha mkono.

Alinisikiliza huku anasugua sufuria. Akaniuliza swali moja tu. "Mdogo wangu, umeniambia inavyopanda. Inashukaje?"

Nikasema, "Dada, hii haishuki."

Akasema, "Basi si lifti. Hilo ni bomba la moshi."

Nilikasirika, nikatoka bila kunywa chai, na wanaonijua wanajua hasira hiyo ilikuwa na ukubwa gani.

Kisha ikaja fomu, maana mfuko wetu hulipa mwaka mmoja kabla ya kustaafu. Wale ambao hamjaifikia, fomu ina visanduku viwili. Ukitia alama cha kwanza, unachukua haki yako yote kwa mkupuo, mzigo mzima mikononi siku moja. Ukitia cha pili, unapewa sehemu sasa, na iliyobaki inakuja kila mwezi kama pensheni mpaka unaingia kaburini. Ukishaikabidhi Utumishi, hairudi. Dada alikuwa ameshaweka sahihi ila visanduku ameviacha vitupu, anafikiri. Alifikiri wiki tatu. Siku ya mwisho, Ijumaa, akanipigia simu saa nane mchana. "Fomu yangu nimeisahau nyumbani, kwenye mkoba wa zana. Niletee. Lifti ya wagonjwa nimeitengeneza, lazima niipime leo, sitoki huku juu. Utumishi wanafunga saa kumi."

Nikaichukua. Na njia ya kuja hospitali, kwa bahati yangu mbaya, inapita kwenye vioo vyeusi.

Sitamsingizia Meneja. Hakunishika mkono. Aliitazama ile fomu, akatazama visanduku vitupu, akatoa kalamu mfukoni akaiweka mezani taratibu, kama mtu anayeweka kijiko mbele ya mgeni. Nikajiambia, huyu dada amekuwa mwoga, mimi ndiye mwanamume wa familia, nikimfanyia sasa atanishukuru baada ya miezi sita. Nikatia alama kisanduku cha kwanza. Kwa wino. Mkono haukutetemeka, na hilo ndilo linalonitia aibu mpaka leo.

Mpango wangu ulikuwa nipande moja kwa moja mpaka Utumishi, ghorofa ya sita, niikabidhi, kisha nimwambie dada kwamba nilidhani ndivyo alivyotaka. Nikafika hapo chini. Lifti ya wagonjwa iko wazi. Mbele yake kigoda, juu ya kigoda kibao chenye maandishi mekundu, kile kile. Nikasogeza kigoda. Nikaingia. Ndani nikakuta mifuko imepangwa mpaka kifuani, nikafikiri ni saruji ya mafundi ujenzi. Kabla sijabonyeza chochote, mlango ukajifunga, tukapanda.

Wenye kuelewa mmeshaelewa. Ile haikuwa saruji. Ilikuwa mchanga. Kila lifti ikitengenezwa, dada yangu hairuhusu ibebe mtu hata mmoja mpaka aijaze mchanga kuzidi uzito inaoruhusiwa, aipandishe yeye mwenyewe akiwa kwenye paa, kisha katikati ya safari akate umeme, aone kama breki zitaishika. Na mle ndani pamoja na mchanga nilikuwamo mimi na akiba yake.

Tulipofika ghorofa ya kumi na moja umeme ukakatika.

Sawa, dada. Hospitali ina ghorofa nane. Ilikuwa kati ya tano na sita.

Lifti ikashtuka mara moja, ikasimama. Giza. Nikalia sauti ambayo sikujua ninayo. Baada ya muda nikasikia hatua, mlango wa ghorofa ya sita ukafunguliwa kidogo kwa ule ufunguo mrefu, mwanga ukaingia kwenye ufa juu ya kichwa changu, na sauti ya dada ikauliza, taratibu kabisa, "Nani humo?"

"Mimi."

"Wewe nani?"

"Mdogo wako."



"Kibao hukukiona?"

"Nilikiona."

"Na kigoda?"

"Nilikisogeza."



Nikamwambia, "Dada, nitoe, nyaya zitakatika."

"Hazikatiki. Ziko tano. Mmoja peke yake unatosha kukubeba wewe, mchanga, na maneno yako yote."

"Sasa kama mmoja unatosha, tano za nini?"

"Za siku ambayo mmoja utakatika. Upo utakaokatika. Sijui upi, sijui lini. Ningejua upi, ningefunga nne nikaokoa pesa ya hospitali."

Ndugu zangu, mtu akiwa ananing'inia gizani anasikia vizuri. Nilisimama pale na mkono juu ya mchanga, na fomu kifuani ikaanza kuniwasha kama upupu. Nikafikiri, kama hizi breki zingekuwa za yule Meneja, ningekuwa wapi sasa hivi? Nikasema, "Dada, fomu ninayo."

"Nipenyezee hapo kwenye ufa."

"Nimeijaza."

Nikaipenyeza. Nilimsikia akiikunjua. Nilisikia hata miwani ikitoka kwenye kasha. Akauliza, "Kalamu ya nani?"

"Ya Meneja."

"Na wewe umeweka kiasi gani kwake?"

"Kidogo."

"Sikusikii."

"Akiba ya karakana yangu."

"Sehemu, au yote?"

Nikasema, "Yote." Na hapo, Mheshimiwa Matroni, mjomba wa watu, mwenye kontena, nililia kwa sauti nyingine, ile ya kweli, isiyo na kelele.

Nilitegemea anitukane. Nilistahili. Badala yake alisema, "Kaa juu ya mfuko, usisimame karibu na mlango. Nakuteremsha. Na uisikilize hii mashine inavyoshuka. Kupanda kila kitu kinapanda." Akarudi kwenye paa, akaniteremsha ghorofa baada ya ghorofa, polepole kama mtu anayeshusha mtoto aliyelala. Sijawahi kushushwa vizuri vile.

Nilipotoka ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi na mbili. Na hapa nimshukuru Mama wa Utumishi, aliyekwisha kufunga droo na kuvaa mkoba begani. Dada aliingia na ovaroli yake ya grisi, akasema, "Nimeharibu fomu." Hakusema nimeharibiwa. Alisema nimeharibu. Mama akatua mkoba, akafungua droo, akampa mpya. Akatia alama kisanduku cha pili, akaweka sahihi, na muhuri ukagongwa.

Jumatatu akanishika mkono, tukaenda wote kwenye vioo vyeusi. Akamwambia Meneja, "Ndugu yangu anataka kushuka." Meneja akasema, "Mama, akitoa sasa atapoteza faida." Akasema, "Faida mwachie mwenyewe, mpe chake." Wakasema kesho. Kesho wakasema keshokutwa. Tulikaa kwenye benchi lile siku tatu, dada ametumia likizo yake, anafuma kofia ya mjukuu. Siku ya tatu aliikunja ile kofia akaniambia, "Imefeli kipimo." Wiki tatu baadaye vioo vilikuwa vile vile, ila nyuma yake hakuna mtu wala kiti.

Nani kati yenu hajauliza dada yangu alifanya nini na ile sehemu aliyolipwa? Mmeniuliza mlangoni, mmeniuliza chooni. Ameniruhusu niseme. Aliigawa mara tano. Ya kwanza alinunua hati fungani za serikali, zinazolipa kidogo lakini kwa tarehe inayojulikana. Ya pili ikaingia chama cha akiba na mikopo cha hapa hapa kazini, ambako ukitaka chako unatoa taarifa ya siku thelathini. Ya tatu alijenga vyumba viwili vya kupangisha nyuma ya nyumba, akasema, "Hivi haraka haviuziki, hivi vinashuka kwa ngazi, lakini vitanilisha." Ya nne iko benki, akaunti ya muda maalumu. Kila mahali aliuliza lile swali lake moja kabla ya kutoa pesa, na asiyeweza kulijibu kwa sentensi mbili hakupata kitu. Wala hakusema kila mtu afanye hivi. Mwenye watoto wadogo atafunga nyaya zake vingine. Yeye alijipima uzito wake.

Na ya tano? Ya tano aliiweka benki kwenye akaunti ya kawaida, haizai chochote cha kutajwa. Mimi nilicheka. Nilimwambia, "Dada, hiyo pesa imekaa kama mgonjwa aliyepona akakataa kuruhusiwa." Akasema, "Huo ni waya. Kazi yake ni kuwepo."

Mwezi wa pili uliopita mwenye nyumba ya karakana yangu alikuja na kufuli. Kodi ya miezi saba, na mashine ya kuchomelea nilikuwa nimeshamtafutia mnunuzi. Sikumwambia dada. Alinifuata mwenyewe, akasimama mlangoni mwa karakana, akatazama ile kufuli mkononi mwa yule bwana, akaniuliza, "Upi umekatika?" Nikamwambia, "Dada, mimi nilikuwa na mmoja tu."

Ule waya wa tano ambao nilicheka, ndugu zangu, ndio ulionishika. Kodi ililipwa, mashine ikabaki. Yeye mwenyewe hajautumia hata siku moja. Wa kwanza kuning'inia humo alikuwa mtu aliyetaka kuukata. Nikamwambia nitamlipa na riba. Akasema, "Pesa utanirudishia kwa nondo za madirisha ya vile vyumba viwili." Nimeshamfungia saba. Nane. Hapana, saba, sawasawa. Na riba? Akasema, "Riba ni moja tu. Siku ya kuniaga utasimama mbele ya wenzangu, utasema yote, na hutazidisha."

Kwa hiyo mnaponiona nimesimama hapa, nalipa.

Imebaki kitu kimoja, na hiki hakimo kwenye sharti, ni changu. Mzee wa machela, kaka, wewe unastaafu miezi mitatu ijayo. Siku zile nilipokuwa bado namwamini Meneja nilikuandikia namba yake ya simu kwenye kipande cha karatasi, ukaniambia wewe ni kama ndugu. Juzi Meneja amenipigia, amehamia mtaa wa pili, sasa ana mitungi ya gesi. Najua hujampigia, kwa sababu hiyo karatasi naiona inachungulia hapo kwenye mfuko wa shati lako. Nakuomba uipitishe huku mbele, mkono kwa mkono. Msiisome. Asante. Asante, Matroni. Nimeipokea, na hii naenda nayo kwenye moto wa karakana.

Dada, wamekupa saa ya ukutani, wamekupa cheti, Ndugu Katibu amekupa maneno mazuri. Mimi nimekuletea ukweli, na kwa namna ulivyo mgumu kwangu, naomba uhesabiwe kuwa zawadi kubwa kuliko saa. Umewapandisha watu wa hospitali hii miaka thelathini na minne. Leo ni zamu yako kushuka, na hakuna humu ndani anayejua kushuka kama wewe.

Mikono yake yote miwili iko mapajani. Hakuna kidole. Mheshimiwa Mganga Mkuu, ndugu wageni waalikwa, nawashukuru kwa uvumilivu wenu, maana nimefika chini salama. Asanteni kwa kunisikiliza.